Kijana wa boda, ukate bima ya kiasi gani?

Vijana wengi wakija kwenye dawati letu la elimu wana swali moja, bima ya pikipiki shingapi, na ukimtajia ile ya chini kabisa analipa, anapokea stika kwenye simu, huyoo ameondoka. Hajakosea. Trafiki akimsimamisha Ubungo au Mbagala atapita. Ila hapo ametatua shida ya trafiki tu. Mimi kama mtu wa bima ningependa kijana aulize hivi: likitokea la kutokea, hasara ipi mimi na watu wangu nyumbani hatuwezi kuibeba? Hiyo ndo ya kukatia bima kwanza, zile ndogo ndogo unazivumilia.

Tuanze na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Hii sio hiari, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakutaka uwe nayo kabla chombo hakijaingia barabarani. Inalipa madhara unayomsababishia mwingine, yaani mama uliyemgonga kwenye zebra au gari la watu ulilolichubua ukipenya foleni. Pikipiki yako haimo. Wewe mwenyewe haumo. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaendesha mwaka mzima wakiamini stika ile itawatibu wakianguka.

Halafu kuna hesabu ya kijiweni naisikia sana: faini ya trafiki kwa pikipiki ilishushwa 2021 kutoka elfu 30 hadi elfu 10 kwa kosa, sasa bima ya nini, nikikamatwa natoa msimbazi maisha yanaendelea. Faini unamlipa serikali bwana, haimhusu uliyemvunja. Mtu akipata kilema kwa sababu yako anaweza kukufungulia kesi wewe na mwenye chombo, na huko hakuna bei elekezi, kuna matibabu yake, kipato alichopoteza, na kama amefariki kuna familia aliyoiacha. Kijana wa miaka 21 deni la namna hiyo linamfuata mpaka anazeeka.

Kwa hiyo bima ndogo uwe nayo, lakini iwe ya kweli. Kwenye hati kuna kamstari ka matumizi, kasome. Kama imeandikwa matumizi binafsi na wewe unabeba abiria kwa hela, umetoka nje ya mkataba, na hili linatokea sana maana wakala anajaza haraka haraka na mteja naye anawahi kijiweni. Ukibeba abiria sema ni biashara ya abiria, na uulize huyo abiria wa nyuma akiumia analipwa au inabidi aongezewe, usibahatishe. Ukipeleka vifurushi na misosi kwa oda za kwenye apu sema hivyo, na wale wanaofanya vyote viwili (wako wengi tu, asubuhi abiria jioni chipsi) waandikiwe vyote viwili.

Kingine ni deiwaka. Umechoka, unampa mshkaji chombo jioni apige masaa mawili matatu, leseni yake imeisha au hana kabisa daraja A. Akigonga mtu, kampuni inaweza kulazimika kumlipa aliyeumia kwa sababu sheria inamlinda yule wa barabarani, afu inakugeukia wewe irudishiwe hela yake. Una bima na bado unadaiwa. Mishikaki ni hivyo hivyo, siti ni ya abiria mmoja, ukipakia wawili au watatu umeipa kampuni sababu ya kukukatalia na sababu hiyo iko kwenye karatasi uliyosaini mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mwili wako, hapa nitakaa kidogo maana ndipo vijana wengi wako wazi kabisa.

Tupige hesabu. Tuseme ukishatoa hesabu ya bosi (ile hela unayompelekea mwenye chombo) na mafuta unabaki na elfu 12 kwa siku, unapiga kazi siku sita, hiyo ni elfu 72 kwa wiki. Umepata ajali, umevunjika muundi, na kwa watu wa pikipiki mguu ndo unaoumia sana kwa sababu ndo uliopo kati ya chombo na bampa la gari. Mfupa ule hauungi kwa wiki mbili, miezi minne hadi sita ni kawaida, na ukiwekewa vyuma kuna kurudi kliniki tena na tena. Chukua wiki 20 tu, ni milioni 1 na laki 4 na elfu 40 ambazo hazijaingia nyumbani, na hapo sijagusa bili ya hospitali, nauli za kwenda na kurudi hospitali ya mifupa MOI ukiwa na magongo, wala hesabu ambayo kuna mabosi wanaendelea kuidai kama vile uko barabarani. Kwenye hayo yote bima ndogo inakupa sifuri. Kama mwenye kosa ni yule wa gari unaweza kudai kwenye bima yake, kama anayo na kama hajakimbia.

Kinachoziba hilo pengo ni bima ya ajali binafsi. Ina mafungu yake: kifo, ulemavu wa kudumu, gharama za matibabu, na kwenye baadhi ya sera (yaani mikataba ya bima) malipo ya kila wiki kwa muda ambao huwezi kufanya kazi. Matangazo yake huwa yanakuja na namba moja kubwa, fidia hadi milioni 5, na mara nyingi hiyo milioni 5 ni ya mtu akifa. Ulemavu wa kudumu unalipwa kwa jedwali, kila kiungo na asilimia yake, kwa mfano kidole gumba kikipangiwa asilimia 15 basi kwenye milioni 5 unapata laki 7 na nusu. Na muundi ukiunga vizuri sio ulemavu wa kudumu, kwenye lile jedwali haupo, yaani umelala ndani miezi mitano na jedwali halikutambui! Ndo maana kijana mwenye afya anayekula kwa kuamka kila siku kwenda kijiweni namwambia aangalie zaidi fungu la matibabu na lile la malipo ya wiki. Ningekuwa mimi ningechukua sera ya kifo milioni 3 yenye malipo ya elfu 50 kwa wiki, niiache ya milioni 10 isiyonipa kitu nikiwa kitandani. Mwenye mke na mtoto aongeze upande wa kifo, sawa, ila asilitupe hili lingine. Uliza pia malipo ya wiki yanaanza siku ya ngapi tangu ajali na yanaishia wiki ya ngapi, kuna sera zinakata mapema kabla hata hujatupa magongo.

Kuna mtego mkubwa zaidi ya huo. Sera nyingi za ajali binafsi zimeandikwa kwa kumfikiria mtu wa ofisini, na kwenye orodha ya visivyolipwa, kurasa za nyuma huko, unakuta kuendesha pikipiki. Umelipa ada, una hati nzuri, na kazi yako nzima haimo. Kwa hiyo kabla hujatoa hela mwambie wakala kazi yako ni bodaboda na unataka iandikwe kwenye hati kwamba ajali ukiwa unaendesha inalipwa. Meseji ya WhatsApp ni afadhali kuliko maneno matupu, ila penyewe ni kwenye hati. Pombe haina mjadala, ukinywa ukaanguka usitegemee kitu. Helmeti nayo ni takwa la Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, wewe na abiria wako, usiitundike kwenye mkono wa usukani afu ukaja kuomba fidia ya kichwa.

Bima ya afya ukiwa nayo inasaidia kupunguza lile fungu la matibabu kwenye ajali binafsi, ila haikulipi mshahara wa siku ulizolala. Na kijiwe kikiwa na umoja uliosajiliwa ni vizuri kuomba bei ya kikundi, kampuni nyingi zinaongea vizuri zaidi na watu 30 kuliko mmoja mmoja.

Pikipiki yenyewe je? Hapa ndo kwenye bima kubwa, ile inayolipa mpaka chombo chako mwenyewe, na katikati kuna moja watu hawaiulizii, ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Kwa maoni yangu hii ya katikati ndo inayowakaa vizuri boda wengi kama kampuni inakubali kuitoa. Kwa nini? Saiti mira, indiketa, plastiki, usukani kupinda, hivyo fundi wa mtaani anamaliza kwa hela ambayo mara nyingi haifiki hata eksesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila madai. Kitu kinachokurudisha sifuri ni chombo kuibiwa. Na wewe kijana eksesi yako inaweza kuwa kubwa zaidi, mikataba mingi ina kipengele cha makato ya ziada kwa dereva mwenye umri mdogo au leseni changa, kiulizie.

Ila wizi wenyewe una tafsiri yake. Abiria amekupeleka uchochoroni wakakupiga wakaondoka nacho, huo ni wizi. Deiwaka uliyempa funguo mwenyewe akatokomea nacho, sera nyingi zinasema huo ni uaminifu umevunjwa, hawalipi.

Cha pili ni kadi ya pikipiki ina jina la nani. Ukiwa kwenye mkataba, kadi iko kwa bosi na bima mara nyingi imekatwa kwa jina lake, kwa hiyo chombo kikiibiwa kampuni inamlipa yeye. Umeshapeleka hesabu miezi kumi, umebakiza mitatu chombo kiwe chako, hela inaenda kwa bosi na wewe huna sauti hata kidogo kama hamkuandikiana. Kabla ya kusaini mkataba wa pikipiki hakikisha kuna sentensi inayosema ikitokea fidia, kiasi ulichokwisha lipa kinahesabiwaje. Na ada ya bima analipa nani, wewe au yeye, kiandikwe pia. Ukichukua kwa mkopo, wakopeshaji wengi wanadai bima kubwa na majina yao yawe kwenye hati, hapo huna uchaguzi, chako ni kuangalia kiwango.

Kiwango maana yake thamani unayoitaja. Pikipiki uliyonunua milioni 3 na umeishaifanyia boda miaka miwili haina tena milioni 3, ukiikatia kwa bei ya dukani unalipa ada ya bure, siku ikipotea watakulipa bei yake ya sokoni siku hiyo. Ukiishusha nayo ni balaa. Tuseme thamani yake halisi ni milioni 2 wewe umetaja milioni 1 ili ada ipungue, umepata ajali matengenezo laki 4. Kampuni inasema umekata nusu, tunalipa nusu, laki 2, toa eksesi ya laki 1, unaondoka na laki 1. Kwa hiyo taja bei ambayo ungeiuza leo, na kila mwaka ukihuisha ishushe.

Hela ikiwa haitoshi, na mara nyingi haitoshi, mpangilio wangu ni huu: bima ndogo ya matumizi sahihi, kisha ajali binafsi inayotaja pikipiki, kisha wizi kama chombo bado ni kipya au bado unakilipia. Chombo kilichochakaa, chako mwenyewe bila deni, bima kubwa achana nayo, hiyo ada iweke ya kununua spea.

Ukishalipa usiishie kwenye stika. Ingia kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), weka namba ya usajili uone kama bima yako inasoma na tarehe zake, kisha linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye hati na iliyogongwa kwenye chombo, herufi kwa herufi. Ajali ikitokea ripoti polisi, aliyeumia apate PF3 (ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), na kampuni ipigiwe simu siku hiyo hiyo. Ile tabia ya kumalizana pale pale, unakiri kosa na kuahidi kulipa ili watu watawanyike, inaweza kukuharibia madai kwa sababu mkataba unakukataza kuahidi chochote kabla kampuni haijajua. Wakikukatalia omba wakuandikie sababu kwa barua, na barua hiyo ndo unayoipeleka TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.