Ufafanuzi: Kubadili diski moja ya NAS hakuongezi nafasi papo hapo

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: NAS yako ya nyumbani (kifaa cha kuhifadhi faili kinachounganishwa na mtandao) yenye diski mbili ikijaa, chomoa moja, chomeka kubwa zaidi, na nafasi itaongezeka hapo hapo. Si kweli.

Diski hizo zikiwa zimepangwa kwa RAID 1 (moja ya njia za kuzifanya diski kadhaa zifanye kazi pamoja), kila faili huandikwa kwenye zote mbili, kwa hiyo nafasi unayopata ni ya ile ndogo. Ya terabaiti 4 ikikaa na ya 8, bado una 4. Nafasi huongezeka ukishabadili zote mbili, moja baada ya nyingine, kisha ukapanua eneo la hifadhi kwenye mipangilio. Hapa kwenye kubadili ndipo picha za familia hupotelea: kunakili data kwenye diski mpya huchukua saa nyingi, na muda wote huo data yako kamili iko kwenye diski moja tu, ile ya zamani. Tafadhali weka nakala kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote.

Mkanganyiko unaeleweka. Kompyuta ya kawaida ukiiongezea diski na kuiandaa (format), nafasi huonekana mara moja. Na zipo NAS za diski tatu au zaidi zinazoweza kutumia nafasi ya diski za ukubwa tofauti.

Kuhakikisha, fungua ukurasa wa usimamizi wa kifaa, sehemu ya hifadhi. Utaona aina ya RAID, ukubwa wa kila diski, na kama kunakili kumekamilika. Ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze, mjulishe aliyekutumia.