Utrikularia: usiipe jina kabla haijachanua

Utrikularia ni mimea inayonasa wadudu wadogo kwa vifuko vinavyoitwa vibofu, na kila mara natumiwa picha ya kopo lenye vijani vidogo vimelala juu ya udongo, alafu swali, "hii ni utrikularia gani?" Na mimi najibu vilevile, subiri ichanue. Najua inakera ila ndo ukweli, maana spishi ziko zaidi ya 220 na nyingi zinazoota kwenye udongo mbichi zina vijani vya milimita chache tu vinavyofanana kama mchele, tena mmea wenyewe hauna mizizi kabisa, na hata vile tunavyoviita majani na shina siyo majani na shina ya kawaida, hadi leo wataalamu wanabishana kipi kiitweje.

Mwaka mmoja nilinunua kopo limeandikwa U. livida (U. ni kifupi cha Utricularia). Nikalitunza miezi kadhaa, nikalikatakata nikawagawia wenzangu kwa jina hilohilo, siku lilipotoa ua nikakuta ni U. bisquamata, ua dogo la zambarau iliyopauka lenye nundu ya njano katikati, na kufikia hapo mbegu zake zilishaangukia makopo ya jirani. Hiyo spishi inajichavusha yenyewe na inamwaga mbegu kama vumbi. Ilinichukua muda mrefu kuitoa kwenye makopo mengine, na kuna mawili ilibidi niyamwage yote.

Sasa ua likitoka, angalia nini? Anza nyuma yake, kwenye sepali, yaani vile vijani vinavyolishika ua kwa nje. Utrikularia nyingi sana zina mbili tu, moja juu moja chini, wakati ndugu yake Genlisea ana tano, kwa hiyo hapo tu ushawatenganisha. Alafu geuza ua uliangalie ubavuni, utaona kama kipembe kinachoning'inia nyuma, ndipo nekta, maji matamu ya ua, inapokaa: je ni kirefu kuliko mdomo wa chini wa ua, kimepinda, kimenyooka? Kwenye U. sandersonii kipembe ni kirefu na kimejikunja, na petali ya juu imegawanyika mara mbili kama masikio ya sungura, hiyo huwezi kuikosea. Mwisho shuka kwenye kikonyo chini ya ua, kuna kitu kama jani dogo mno, chukua lenzi uone kimeshikwa kwa chini au kimeshikwa katikati pande zote mbili ziko huru. Watu wengi wanakiruka hiki, na kwangu mimi ndo kinachomaliza ubishi mara nyingi kuliko rangi, maana rangi inabadilika na mwanga.

Vibofu navyo vinasaidia. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipoupa ukoo huu jina mwaka 1753 alichukua neno la Kilatini la kiriba kidogo, na ni kiriba kweli. Vingine vina robo ya milimita, vikubwa kabisa vinapita sentimita moja. Chukua kipande cha U. gibba ukiweke kwenye kisahani cha maji chini ya lenzi, utaona vibofu vingine mashavu yamebonyea ndani, hivyo vimeshategwa: mmea umesukuma maji nje kupitia kuta, ndani presha iko chini. Kiroboto maji, mdudu mdogo sana wa majini, akigusa vinywele vya mlangoni mlango unafunguka kwa ndani, maji yanaingia naye yumo, yote kwa muda mfupi kuliko milisekunde moja au mbili, na mashavu yanavimba. Baada ya kama nusu saa yamebonyea tena. Mwanasayansi Darwin alidhani mdudu anausukuma mlango mwenyewe kwa kichwa, ila Mary Treat, mtafiti wa mimea na wadudu kule New Jersey, Marekani, miaka ya 1870, alikaa na mikroskopu akiangalia windo moja baada ya lingine akaona mtego wenyewe ndo unaovuta. Napenda sana habari yake kwa sababu alichofanya ni kuangalia kwa subira tu.

Kwenye kulima, kinachoua ni maji. Siyo baridi, siyo ukosefu wa wadudu, ni maji ya bomba yenye chumvi chumvi. Tumia maji ya mvua au ya filta ya RO (inayochuja chumvi zote), na kama una mita ya TDS, inayopima chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, nataka isome chini ya 50. Za udongoni ziweke kwenye piti mosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyokauka) na mchanga wa silika nusu kwa nusu, mchanga uoshe mpaka maji yatoke safi, kopo likae kwenye trei yenye maji sentimita moja au mbili siku zote, mwanga mwingi, na mbolea usiweke kabisa hata kidogo. Chakula cha juu ni mwaliko kwa mwani na ukungu tu, mmea unajitafutia wenyewe.

Za majini zinasumbua zaidi, na adui ni huyohuyo mwani. Mimi natupia konzi mbili tatu za piti mosi chini ya ndoo, naacha mpaka maji yawe rangi ya chai nyepesi, ndo naweka U. gibba, na viroboto maji wachache ambao wanakula mwani alafu wenyewe wanaliwa.

Kuzidisha ni rahisi, kata kipande cha udongo sentimita mbili tatu na vijani vyake, kibonyeze kwenye kopo jipya.

Ila kuna moja usiisubiri ichanue. U. subulata mara nyingi inatoa maua yasiyofunguka, yanabaki vidoti kama kichwa cha pini juu ya kikonyo chembamba kama uzi, na mbegu zinaiva humohumo ndani. Ukiviona kwenye kopo ambalo hukuipanda, ving'oe siku hiyohiyo kabla havijakauka.