Kigoma na watoto: yanayosemwa na yalivyo

“Kigoma bila kwenda Gombe na watoto ni safari bure.” Kauli hii huharibu safari nyingi. Hifadhi ya Gombe hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 15 kuingia msituni kufuatilia sokwe. Mahale, iliyo mbali zaidi kusini, kikomo ni miaka 12. Wazazi hulijua hilo wakiwa wameshalipia boti. Sababu mbili ni nzito. Sokwe huambukizwa mafua na kikohozi chetu, na watoto ndio wenye mafua kila wiki. Ya pili ni nguvu ya mnyama mwenyewe: mwaka 2002 sokwe dume wa Gombe alimnyakua mtoto mchanga na kumuua. Mwenye watoto wadogo apangie siku zake mjini na ziwani. Kama kuna kijana wa miaka 15 na kuendelea, mzazi mmoja aende naye na mwingine abaki na wadogo.

“Ziwa ni maji baridi, basi ni salama kuliko bahari.” Chumvi haina, lakini Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, na sehemu nyingi za ufuko wake chini huporomoka ghafla. Hatua nne kutoka mchangani mtoto anaweza kukosa mahali pa kukanyaga. Tofauti na Dar es Salaam, hakuna kupwa na kujaa, kwa hiyo usisubiri maji yapungue ndipo acheze. Tena maji ya ziwa yalipanda sana miaka ya karibuni. Picha ya zamani yenye mchanga mpana isikudanganye.

Kichocho nacho kipo. Watu hudhani kila ufuko una hatari sawa, au kwamba kujifuta taulo haraka kunamaliza kazi. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na makazi na midomo ya mito. Ufuko wa mawe unaopigwa na mawimbi una nafuu, ingawa si kinga. Vimelea hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi jua likipanda hadi mchana, na huingia ngozini kwa dakika chache, hivyo taulo ni msaada mdogo. Mtoto akishaogelea, mpime baada ya wiki sita au zaidi. Ukimpima wiki ya kwanza jibu litakuwa hana, kwa kuwa minyoo haijaanza kutaga. Midomo ya mito iepuke kwa sababu nyingine pia: mamba.

Kwa boti, jaketi okozi la mtu mzima si la mtoto. Mvalishe, funga kamba zote, kisha mvute juu kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, majini litamvuka. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki huleta mawimbi makubwa. Kama nahodha anasita, msimsukume.

“Jua ni lile lile.” Kigoma jua huzama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, nyuma ya milima ya Kongo, karibu saa moja usiku. Asubuhi ni kinyume: saa 12 bado giza, basi usiwaamshe watoto mapema kungoja mandhari ambayo haijaonekana.

Baada ya jua kuzama, taa za wavuvi wa dagaa hujipanga ziwani kama mji mwingine. Hapa ndipo wageni hukosea kalenda: wakati wa mbalamwezi taa haziwavuti dagaa vizuri, wavuvi wengi hupumzika, na ziwa huwa tupu. Njoo siku zisizo na mbalamwezi, ulale. Asubuhi nenda Katonga, kijiji cha wavuvi, uone dagaa wakianikwa.

“Ule mwembe wa Ujiji ndio wenyewe.” Mmisionari Livingstone na mwandishi wa habari Stanley aliyekuwa akimtafuta walikutana Ujiji, karibu na mji wa Kigoma, mwaka 1871, lakini mwembe uliowafunika haupo, iliyopo inasemekana ni vizazi vyake. Livingstone mwenyewe hakufia hapo: alifia Chitambo, Zambia, mwaka 1873. Makumbusho ni madogo, mtoto huyamaliza kwa nusu saa. Baada ya hapo mpelekeni ufukweni kuona mafundi wakiunda mitumbwi ya mbao. Huko ndiko atakakouliza maswali.

“Meli ya Liemba ilizamishwa na Waingereza vitani.” Meli hii ya ziwani ni ya enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia: Wajerumani waliileta vipande vipande, wakaiunga Kigoma, wakaishusha majini mwaka 1915, mwaka 1916 waliizamisha wenyewe wakiwa wamepaka injini grisi ili isishike kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na ikarudi kazini 1927. Ratiba yake usiitegemee. Ulizia bandarini kabla ya kuwaahidi watoto.