Huo mwaka 125 mmeutoa wapi?

Juzi tena. Nimetoka kufundisha papiri (maandishi ya kale kwenye karatasi ya mafunjo) saa nzima, mchungaji mmoja kijana anasimama: "Mwalimu, si P52 iliandikwa mwaka 125? Basi Injili ya Yohana imethibitika." Nikanywa maji kwanza.

P52, kipande cha papiri chenye maneno ya Injili ya Yohana, iko Manchester, kwenye maktaba ya John Rylands. Ilinunuliwa Misri mwaka 1920, mtaalamu wa papiri C. H. Roberts akaichapisha mwaka 1935. Ni kipande cha ukubwa wa kadi ya benki, mistari saba kila upande, Yohana 18, Yesu mbele ya Pilato. Kimeandikwa kote kote, kwa hiyo ni kodeksi (kitabu cha kurasa), si gombo. (Nyuma limebaki "akamwambia", swali lenyewe, "Kweli ni nini?", limekwenda na sehemu iliyopotea. Sitanii.)

Hapo hatugombani. Tunagombana kwenye tarehe, kwa sababu tarehe haipo. Stakabadhi na mikataba ya Misri huwa na mwaka wa mfalme; vitabu havina. Roberts alilinganisha mwandiko na papiri nyingine, akasema nusu ya kwanza ya karne ya 2. Watu wakagawa kwa mbili, wakapata 125, na sasa wanaitaja kama vile karani aligonga muhuri!

Marehemu babu alifunzwa mwandiko wa kuunganisha miaka ya 1940. Barua yake ya mwisho ni ya 1991, na ile "k" yake yenye mkia haijabadilika hata kidogo. Nikupe barua mbili zisizo na tarehe, utaniambia ipi ni ya lini? Mwandishi mmoja tu anakula miaka hamsini. Mwaka 2005 mtafiti Brent Nongbri alipanga papiri zenye tarehe zake, akaonyesha miandiko inayofanana na P52 hadi mwisho wa karne ya 2 na mwanzo wa ya 3. Hakusema P52 ni ya huko. Alisema huwezi kufunga mlango.

"Si mpime umri wake kwa kaboni?" Utakata kipande cha kipande, halafu utajua mafunjo yalivunwa lini, kwa kukisia miongo. Wino ni habari nyingine. Kile kipande cha "mke wa Yesu" kilichotangazwa mwaka 2012, kikimtaja Yesu kuwa na mke, kilikuwa papiri kuukuu kweli, maandishi ya kughushi.

Na nyinyi wa upande wa pili, mnaosema Injili ya Yohana iliandikwa baadaye sana, msipige vigelegele. Nakala ikichelewa, kitabu hakijachelewa.

Mimi mwenyewe nikiitazama picha yake, moyo unaniambia ni ya mapema. Halafu najiuliza: ni jicho langu hilo, au ni ile 125 niliyokaririshwa chuoni?

Mchungaji akauliza aandike nini kwenye slaidi. Nikamwambia: karne ya 2, labda mwanzo wa ya 3. Akauliza kama anaweza kuiondoa hiyo "labda".