Kisu hakisambazi saratani ya tumbo
Katika familia nyingi za Kisumu na vijiji vya jirani, mgonjwa wa saratani ya tumbo huonywa asikubali upasuaji, eti uvimbe ukiguswa na kisu au kupigwa na hewa, ugonjwa husambaa mwilini. Chanzo cha imani hii kinaeleweka: wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, baada ya miezi ya kumeza dawa za vidonda vya tumbo, na daktari anapofungua hukuta ini limekwisha kuvamiwa, akashona bila kukata chochote. Mgonjwa akifariki muda mfupi baadaye, lawama humwangukia mpasuaji.

Hewa haisambazi saratani. Ugonjwa usipokuwa umesambaa, upasuaji ndio msingi wa tiba, na mpasuaji huondoa uvimbe pamoja na sehemu ya nyama yenye afya inayouzunguka na tezi za karibu. Watafiti wamejikita katika kuuongezea nguvu upasuaji huo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 23 ya waliopasuliwa tu walikuwa hai baada ya miaka 5, ilhali miongoni mwa waliopangiwa pia kemotherapi (dawa za kuua seli za saratani) kabla na baada ya kisu walikuwa asilimia 36, tofauti ambayo si ndogo hata kidogo.