Uhandisi mitambo si ufundi wa magari wenye shahada

Anayesomea uhandisi mitambo hakosi kuletewa gari lililogoma kuwaka. Akisema hajui tatizo liko wapi, watu hutazamana: sasa huko chuoni anasoma nini?

Anasoma kusanifu vitu vinavyozunguka, vinavyosukuma, vinavyobeba mzigo au kuhamisha joto, na kuhakikisha kwa hesabu kwamba havitavunjika vikiwa kazini. Pampu, lifti, friji, goti la bandia. Gari ni kimojawapo tu. Masomo ya msingi ni nguvu na mwendo, tabia za metali, joto, na mtiririko wa maji na gesi. Hapo maana imetosha.

Kinachokera ni hii imani kwamba mhandisi ni fundi aliyesoma zaidi, na fundi ni mhandisi aliyekosa cheti. Fundi anaanza na mtambo ulio mbele yake: unavuja, unanguruma vibaya, anaufungua. Mhandisi anaanza na mtambo ambao bado haupo, au na swali la kwa nini mitambo mingi ya aina moja inakufa palepale.

Chukua ekseli ya treni, yaani mhimili wa chuma unaounganisha magurudumu mawili. Tarehe 8 Mei 1842, karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilikatika na makumi ya abiria wakateketea. Ekseli za zama hizo zilikuwa na tabia hiyo: zinafanya kazi vizuri muda mrefu, kisha zinakatika ghafla. Mzigo huipinda ekseli kidogo, kwa hiyo inapozunguka kila sehemu ya uso wake huvutwa na kubanwa kwa zamu. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1 huzunguka takriban mara 318 kwa kilomita, na kila mzunguko ni kuvutwa na kubanwa mara moja. Mwaka 1843 Mskoti William Rankine alionyesha kwamba ufa huanzia kwenye kona kali, pale unene wa ekseli unapobadilika. Baadaye Mjerumani August Wöhler alijaribu ekseli kwa mizigo ya kurudiarudia, akathibitisha kwamba chuma hukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule ambao kingeustahimili mara moja. Huo ndio uchovu wa metali.

Fundi hodari angefunga ekseli mpya bila dosari, nayo ingekatika palepale, maana kosa lilikuwa kwenye umbo. Dawa ilikuwa kuiviringisha ile kona. Lakini kona ya mviringo kwenye karatasi haibebi treni. Lazima mtu aikereze, tena vizuri, kwa sababu mkwaruzo mmoja wa kisu cha kukerezea pale unatosha kuanzisha ufa upya, na huyo mkerezaji anajua kwa mkono wake mambo ambayo mchoraji huenda hajawahi kuyagusa.

Kwa hiyo gari likigoma, mpigie fundi. Mhandisi wenu anaweza kukueleza kwa nini injini ile huchemka, na bado asijue boliti ya kwanza kufungua ni ipi.