Gari inayumba? Usiniletee jani la springi

Wiki iliyopita kijana mmoja kutoka Paje aliniletea Coaster yake gereji. Kabla hatujamaliza kuamkiana alikwenda nyuma ya gari, akarudi na jani la springi, kile kipande bapa cha chuma kinachopangwa na wenzake kubeba gari, kalifunga kwenye gunia. Jani la lori, nene, limeliwa na kutu upande mmoja. "Ami, nitilie hili huko nyuma. Gari inapepesuka mpaka wageni wanaogopa."

Huyo alikuwa wa tatu ndani ya mwezi. Aliyemtangulia alikuwa na Hiace ya abiria, na kabla yake alikuja mwenye pikapu ya kubebea samaki. Gari mbalimbali, njia mbalimbali, na wote wamekuja na dawa mkononi kabla sijaangalia ugonjwa: gari ikiyumba, ongeza jani. Mmoja kaambiwa na dereva mwenzake, naye kaambiwa na utingo, na utingo kasikia kijiweni. Nimelieleza jambo hili uvunguni mwa gari mara nyingi mno. Leo naliandika.

Coaster yenyewe si ya abiria tena. Kaigeuza nyumba. Mna vitanda viwili, jiko la gesi, makabati ya mbao nzito, tangi la maji la lita 200 nyuma kabisa, na juu ya paa keria iliyobeba mbao za kuchezea mawimbi, mahema na tairi la akiba. Wageni wanaikodi, wanalala humo humo, leo Nungwi, kesho Matemwe, keshokutwa Makunduchi. Kazi ya seremala ni safi sana, nilimpongeza. Lakini hakuna aliyejiuliza uzito ule umekaa wapi.

Dhana: gari ikiyumba, springi zimelegea, kwa hiyo ongeza jani

Springi kazi yake ni kubeba. Ukiongeza jani unaongeza uwezo wa kubeba na unaongeza ugumu, basi. Springi ya majani matatu yaliyo sawa, ukitia la nne la unene ule ule, ugumu unapanda kwa thuluthi. Kwa gari inayolala nyuma kwa mzigo halali, hilo ni jambo la maana na mimi mwenyewe nalifanya. Tabu ni kwamba hakuna anayeniletea jani la unene ule ule. Wanaleta la lori. Na ugumu wa jani haupandi sawa na unene wake: unene ukiwa mara 2, ugumu unakuwa mara 8. Tia jani moja la namna hiyo katika springi ya Hiace, nalo peke yake ni gumu kuliko yale matatu ya asili yakiwa pamoja. Yaliyobaki yanasindikiza tu.

Sasa nyuma ni chuma kitupu, mbele ni laini kama ilivyotoka kiwandani. Gari inapokata kona, mwili unalala upande wa nje na uzito unahamia tairi za nje. Ule upande wa gari ulio mgumu zaidi, mbele au nyuma, ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito unaohama. Tairi la nyuma la nje linaelemewa, la ndani linabaki linagusa lami kwa adabu, na nguvu ya kushika barabara inaisha nyuma kabla ya mbele. Siku za kwanza dereva anafurahi, anasema gari imetulia, kwa sababu hailali tena kama zamani. Halafu zinakuja mvua za masika, kona ina maji, na nyuma inachomoka. Gari inayoyumba inakuonya mapema. Hii haionyi.

Kuna la pili. Jani nene linainua nyuma. Mwili mzima unapanda juu, na gari ndefu kwenda juu ndiyo iliyokuwa inayumba tangu mwanzo. Pua nayo inainama, na kasta ya mbele inapungua. Kasta ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe ukiuachia baada ya kona. Ikipungua, gari inaelea hata kwenye barabara iliyonyooka, na dereva kazi yake ni kurekebisha kushoto, kulia, kushoto, kulia. Anarudi kwa fundi: "Bado inayumba." Anaongezewa jani jingine. Nimewahi kufungua springi ya Hiace moja nikakuta majani saba yaliyotoka kwenye gari tatu.

Basi Coaster ya kijana tuliipandisha juu ya shimo. Nikamwambia, mwanangu, liweke jani lako pale, njoo huku chini. Nikachukua mtaimbo, nikauchomeka kati ya springi na chesisi pale kwenye sheko ya nyuma, kile kipande kinachoshika ncha ya springi, nikasukuma kidogo kwa mkono mmoja. Springi ikahama, ikagonga, ikarudi, ikagonga. Tulipochomoa pini, mpira wa bushi ulikuwa umebaki kama ganda la muwa uliotafunwa, na tundu limekuwa la yai; ncha ya kidole changu iliingia pembeni mwa pini. Upande wa pili vile vile.

Fikiria maana yake barabarani. Kila mwili unapolala, ekseli ya nyuma inateleza milimita kadhaa, upande mmoja unatangulia na mwingine unabaki. Tairi za nyuma zinajipigia usukani wao wenyewe, nawe huku mbele unajibu kwa wako. Huko ndiko kupepesuka aliko­kuwa anakusema. Jani jipya lisingegusa ugonjwa huo hata kidogo. Lingezidi kuzikandamiza bushi zilizokwisha kufa.

Halafu mzigo. Lita 200 za maji ni kilo 200. Tangi lake lilikuwa kama mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kutoka ekseli hadi ekseli gari ile ina karibu mita 4. Piga hesabu kama ya bembea ya watoto: 200 mara 1.5 gawa kwa 4. Mbele inapunguziwa kilo 75, na nyuma inabeba 275, si 200. Tairi za kuelekezea gari zimenyang'anywa uzito, halafu tunashangaa mbona usukani mwepesi na gari haifuati. Tangi likiwa nusu ni baya zaidi, kwa sababu maji yanakimbilia nje ya kona na yanarudi wakati gari imeshanyooka, yanaipiga kikumbo mara ya pili.

Tulichofanya ni hiki. Bushi zote za nyuma mpya. Tangi limehamishiwa kati ya ekseli mbili, chini ya kitanda, karibu na sakafu, na limetiwa vizuizi ndani ili maji yasikimbie. Tairi la akiba limeshuka kutoka kwenye paa. Springi za asili hazikuguswa, ila kuzifungua, kusugua kutu kati ya jani na jani, na kuzipaka grisi. Chumvi ya pwani yetu inaingia pale na kuyagandisha majani mpaka springi haichezi. Ukirudi ufukweni, mwagia maji baridi, yasiyo na chumvi, uvunguni, si kwenye bodi tu.

Na hapa naomba kila fundi anayesoma anisikilize, kwa sababu hili linaniuma. Bushi za mpira usizikaze gari ikiwa imening'inia kwenye jeki. Mpira ule unashikwa na bolti katikati na pete ya nje. Ukiukaza springi ikiwa imening'inia, gari ikishuka unakuwa umeusokota kabla haujafanya kazi hata siku moja. Utapasuka mapema, na mteja atasema bushi ni feki. Shusha gari ikae kwa uzito wake, itikise, ndipo ukaze kabisa. Ni dakika kumi za kulala chali. Zilale.

Dhana: shokapu mpya zitaiinua gari

Hazitaiinua. Shokapu ya kawaida ya mafuta haibebi hata gunia la unga. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kupita tuta. Ikifa, gari inaruka mara tatu nne na tairi linaachana na lami kati ya kila mruko. Kwa Coaster na Hiace kubonyeza bampa hakukuambii mengi, bodi ni nzito. Mimi napima hivi: naendesha mpaka Jozani, pale penye matuta waliyoyaweka ili kima punju wasigongwe, napita na kurudi, kisha nasimama pembeni na kugusa shokapu moja moja kwa mkono. Inayofanya kazi imepata joto, maana inageuza mtikisiko kuwa joto. Iliyobaki baridi wakati wenzake ni moto, imekufa, hata kama haivuji. Chunga tu mkono usiguse bomba la ekzosi. Na badilisha mbili mbili kwenye ekseli moja, kamwe si moja.

Zile za nyuma za Coaster zilikuwa baridi zote mbili.

Dhana: linki ya stabilaiza ikigonga, itoe tu, gari inakwenda

Ndiyo, inakwenda. Na inalala kwenye kona kama ngalawa. Stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia kwa linki zake, haibebi mzigo wala haiinui gari. Inafanya kazi pale tu upande mmoja unaposhuka na mwingine kupanda, inajisokota na kuvuta pande mbili zirudiane. Hii ndiyo dawa halisi ya gari ndefu kulala, ile ambayo watu wanaitafuta kwenye majani. Na haitaki chuma kingi. Ukitoka stabilaiza ya milimita 20 kwenda ya 22, ugumu unakaribia mara moja na nusu, kwa milimita 2 tu. Lakini watu wanakuja na linki zimefungwa kwa waya juu ya ekseli, kwa sababu fundi fulani alitaka kelele ziishe. Linki ni katika vipuri rahisi kabisa vya uvunguni. Nunua.

Dhana: tairi ni tairi, mradi inaingia kwenye rimu

Soma ubavuni. Hiace nyingi zinatumia 195R15C, na mbele ya herufi hizo kuna 106/104: ile 106 maana yake tairi likiwa peke yake upande wake linabeba hadi kilo 950. Kuna watu wanafunga 195/65R15 ya gari ndogo kwa sababu ni ya bei nafuu na rimu inakubali. Hiyo ni 91, yaani kilo 615. Ubavu wake ni laini, unajikunja mwili ukilala, na hakuna springi itakayoficha hilo. Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa skuli ya msingi nzima usilichukue. Upepo wa kutia uko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, haupo kwenye kichwa cha kijana wa pampu.

Kwa wenye Hiace: kukaza tosheni ba za mbele, zile fimbo zinazojisokota badala ya springi, kunabadilisha kimo, hakuongezi ugumu. Unainua pua, unaharibu kamba, yaani mlalo wa tairi kwenda ndani au nje, tairi zinalika upande. Kama mbele imelala kweli kwa uchovu, rudisha kimo cha kiwandani kwa kupima na futi kamba kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, pande zote mbili, kisha simama hapo.

Mifuko ya upepo inayosaidia springi za nyuma ni nzuri kwa gari-nyumba, kwa sababu mzigo ni ule ule siku zote na unaweza kusawazisha kimo. Kosa ninalolikuta ni kuiunganisha ya kushoto na ya kulia kwa bomba moja lenye valvu moja. Gari ikilala, upepo unakimbia kutoka mfuko uliobanwa kwenda ule ulio huru, na gari inalala zaidi. Kila mfuko na valvu yake.

Pemba, msimu wa karafuu, jamaa zangu mafundi wa Chake wanapata kesi hii kwa sura nyingine: pikapu imepangwa magunia hadi juu ya kichwa cha dereva, kisha vilima na kona za kwenda Wete. Majani yameongezwa, gari imesimama wima kwa macho, na uzito wote uko juu. Gunia moja likiteremshwa kutoka juu kwenda sakafuni linafanya kazi kuliko jani lolote.

Dhana: alaimenti itatibu kuyumba

Alaimenti inaelekeza tairi ambazo zimeshikwa vizuri. Bushi ikiwa mbovu, vipimo vinavyotoka kwenye mashine ni vya pale gari iliposimama, na vitabadilika kabla hujafika Tunguu. Kwa hiyo inakuja mwisho, baada ya bushi, shokapu na tairi. Na usije na gari tupu. Mwenye Coaster nilimrudisha nyumbani akajaze tangi, apakie vitanda, gesi na vyombo kama anavyosafiri, ndipo tukapime. Alifika asubuhi ya pili na kila kitu ndani. Gari ilikaa sawa mbele na nyuma, tukapima, akaondoka kwa njia ya Kitogani huku kusi inavuma. Jani lake bado liko hapa kwenye gunia, hakulirudia.